Jinsi ya Kuisoma Meli Kubwa ya Kontena: Mwongozo Kamili kwa Mwagizaji wa Nairobi

Mwaka 2019 mama mmoja mfanyabiashara wa Eastleigh alinijia ofisini asubuhi, kabla hata sijawasha kompyuta. Alikuwa ameagiza vigae kutoka China, makontena mawili ya futi 20, na kijana wake alikuwa amemwekea kwenye simu ile ramani inayoonyesha meli zinavyotembea baharini. Akaniwekea simu mezani. "Mwanangu, meli yangu imenipita. Iko Bahari ya Shamu, inakwenda Ulaya na mali yangu."

Nikamwomba hati ya shehena, ile ambayo wote tunaiita BL. Nikasoma jina la meli, nikatafuta vipimo vyake: urefu karibu mita 400. "Mama, tulia. Meli hii haikukusudiwa kuja Mombasa. Vigae vyako vimeshushwa Colombo, vinangoja meli ndogo." Ndivyo ilivyokuwa. Lakini alikuwa amekesha siku mbili, na kampuni iliyombebea mzigo haikuwa imemwandikia hata neno moja.

Tangu siku hiyo kila mteja mpya namwonyesha namna ya kuisoma meli kabla hajalipia shehena. Unaweza kuyafanya yote yaliyo hapa ukiwa Kamukunji au Industrial Area, ukiwa na simu, kalamu na BL yako. Kwa mfano nitatumia meli kubwa kabisa, kwa sababu hizo ndizo zinazopanga safari za nyingine zote, pamoja na ile ndogo itakayokuletea mali Kilindini.

Hatua ya 1: Anza na namba ya IMO, usianze na jina

Meli hubadilishwa jina ikiuzwa, na bendera nayo hubadilishwa. Kisichobadilika tangu inapoundwa hadi inapokatwa kuwa chuma chakavu ni namba yake ya IMO, tarakimu saba zinazotambuliwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini. Huandikwa wazi kwenye mwili wa meli, mara nyingi nyuma yake, chini ya jina. BL nyingi hubeba jina la meli na namba ya safari tu, kwa hiyo mwombe ajenti wako akupe IMO, kisha uihakiki mwenyewe.

Kuhakiki ni hesabu ya darasa la nne. Chukua Ever Given, ile iliyoziba Mfereji wa Suez tarehe 23 hadi 29 Machi 2021. Namba yake ni 9811000. Tarakimu sita za mwanzo zidishe kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio huo. Tisa mara saba ni 63. Nane mara sita ni 48. Moja mara tano ni 5. Moja mara nne ni 4. Sifuri mbili haziongezi kitu. Jumla ni 120. Tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo ni 0, na tarakimu ya saba ya namba ya meli ni 0. Imekubali.

Jaribu na Emma Mærsk, 9321483. Utapata 63, 18, 10, 4, 12 na 16, jumla 123. Mwisho ni 3, na namba inaishia na 3.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu nimeletewa karatasi za gari lililonunuliwa mtandaoni zikiwa na muhuri, saini na namba ya meli isiyokubali hesabu hii. Kijana aliyenunua gari hilo alikuwa ameshatuma nusu ya pesa. Kama angepiga hesabu ya dakika moja kwanza, pesa zake zingebaki benki.

Hatua ya 2: Soma vipimo vinne vya nje

Ukishapata namba, itafute meli mtandaoni na uandike vipimo vinne: urefu wote, upana, kimo na mzamo. Majina mengine ya sehemu za meli unayo tayari kwenye ile methali ya kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: omo ni mbele, tezi ni nyuma, ngama ni tumbo la chini. Meli ya chuma ina hayo hayo.

Urefu wa meli kubwa za leo umegota mahali pamoja. Ever Given, iliyojengwa na Imabari ya Japani mwaka 2018, ina mita 399.94. HMM Algeciras ya mwaka 2020 ina 399.9. MSC Irina ya mwaka 2023 ina 399.9. Magati na sehemu za kugeuzia meli bandarini vimejengwa kwa mpaka huo wa mita 400, na anayeuvuka atapata taabu ya mahali pa kufunga kamba. Kama unataka kuuona urefu huo, laza majengo manne ya KICC mfululizo barabarani; yatazidi meli moja kwa mita ishirini hivi tu.

Urefu ulipogota, waundaji wakapanua. Emma Mærsk ya mwaka 2006 ina upana wa mita 56, Ever Given karibu 59, MSC Irina 61 na kidogo. Kontena lina upana wa mita 2.44. Gawanya upana wa meli kubwa kwa 2.5 na uache desimali, utapata safu za makontena zinazokaa juu ya sitaha ubavu kwa ubavu: 22 kwa Emma Mærsk, 23 kwa Ever Given, 24 kwa zile za mita 61. Hesabu hii ina kazi. Winchi ya gatini lazima mkono wake ufike safu ya mwisho, upande wa baharini. Isipofika, meli hiyo haishushwi hapo hata kama maji yanatosha.

Kimo hupimwa kutoka chini ya mkuku, uti wa mgongo wa meli, hadi sitaha kuu, na kwa meli hizi ni kama mita 33. Usikipe muda mwingi.

Mzamo ndio kipimo ninachokiangalia kwanza. Ni kina ambacho meli huzama majini, na hubadilika kulingana na mzigo. Meli za daraja hili zikijaa huzama hadi mita 16 na zaidi. Sasa weka namba hiyo kando ya Mombasa, ambako mlango wa Kilindini ulichimbwa hadi kina cha mita 15 hivi. Huhitaji kuwa nahodha kuona kwamba haziingii. Tena hata meli ya mzamo wa mita 14 haiingizwi kiholela, kwa sababu meli inayotembea kwenye maji machache huvutwa chini: maji hukimbia kwa kasi kati ya ngama na sakafu ya bahari, shinikizo hupungua, na meli huzama zaidi kidogo kuliko ilivyokuwa imesimama. Rubani wa bandari huacha nafasi kwa ajili hiyo, na husubiri maji kujaa pale inapobidi.

Lamu ni habari nyingine. Magati yake matatu yana kina cha mita 17.5 na urefu wa mita 400 kila moja, na la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kwa kipimo, meli kubwa inaweza kufunga kamba pale. Lakini meli ya namna hiyo haikatizi safari kwa ajili ya makontena mia chache. Hufuata shehena, na shehena hufuata barabara, reli na viwanda. Namwambia hivi kila anayeniuliza kwa nini Lamu haijafurika: kina cha maji kipo, yaliyobaki yanajengwa nchi kavu.

Ukitaka kujua njia ambazo meli haiwezi kupita, angalia mifereji. Milango mipya ya Panama iliyofunguliwa Juni 2016 ina vyumba vya upana wa mita 55. Meli ya mita 61 haipiti pale hata ikiwa tupu. Suez inapita. Ndiyo maana majitu haya huzunguka kati ya Asia na Ulaya, na ndiyo maana yule mama aliiona meli yake Bahari ya Shamu.

Hatua ya 3: Tenganisha TEU, DWT na GT

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

TEU ni nafasi ya kontena moja la futi 20. La futi 40 huhesabiwa TEU mbili. Meli inayohesabiwa kuwa iliianzisha biashara hii, Ideal-X ya Malcom McLean, iliondoka Newark tarehe 26 Aprili 1956 ikiwa na makontena 58. MSC Irina ina nafasi 24,346. Ukiyapanga makontena hayo ya futi 20, mita 6.06 kila moja, kichwa kwa mkia kuanzia Nairobi kwenye barabara ya Nakuru, utapita Naivasha, utapita Gilgil, na la mwisho utaliweka ukiwa unaikaribia Nakuru. Ni kilomita 147 za chuma kwenye meli moja.

Namba hiyo ndiyo magazeti hupenda, na ndiyo inayokuambia machache kuliko zote, kwa sababu huhesabu nafasi na kuusahau uzito.

Uzito uko kwenye DWT. Hizi ni tani za vyote ambavyo meli inaweza kubeba: shehena, mafuta, maji ya kunywa, maji ya kusawazishia meli, mabaharia na chakula chao. Ever Given ina DWT ya takriban tani 199,000 na nafasi TEU 20,124. Gawanya. Kila nafasi inapata kama tani 9.9, na hapo hujatoa mafuta wala maji. Kontena la vigae la futi 20 hukaribia tani 27 likiwa na uzito wake lenyewe. Meli ikipakiwa vigae vitupu ingebeba makontena yasiyofika 7,400, na nafasi nyingine 12,000 na ushei zingebaki wazi.

Kwa hiyo mpangaji wa meli hucheza na mchanganyiko: vigae na mashine chini, vyombo vya plastiki, sponji na nguo mpya juu, na makontena matupu ya kurudishwa. Mteja wa mzigo mzito na mteja wa mzigo mwepesi wanategemeana bila kujuana. Kampuni ya meli ikikuambia kontena lako limeachwa bandarini litapanda meli ijayo, na mzigo wako ni mzito, uliza: nafasi ndiyo iliyojaa au uzito? Nimewahi kupata kontena la mteja likapandishwa wiki ile ile kwa sababu alikubali kugawa mzigo kwenye makontena mawili.

Waundaji wenyewe wanaujua mchezo huu. Emma Mærsk ilitangazwa kuwa ya TEU 11,000, kwa kuhesabu makontena ya tani 14 kila moja. Ukihesabu nafasi tu ilikuwa na zaidi ya 14,000. Meli ni ile ile, namba mbili, na zote za kweli. Ukilinganisha meli mbili, hakikisha zimehesabiwa kwa kanuni moja.

GT nayo si uzito, ingawa jina lake lina neno tani. Ni kipimo cha ujazo wa ndani wa meli, kilichowekwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969, na hutumiwa hasa kwa ada za bandari na masharti ya usalama. Usiichanganye na DWT ukijaza fomu.

Hatua ya 4: Fuata chuma tangu bamba hadi meli

Ukishazijua namba, ni haki yako kujua zilikotoka. Meli hizi huundwa Korea Kusini, China na Japani, na tangu chuma cha kwanza kukatwa hadi kukabidhiwa kwa mwenyewe hupita kama mwaka mmoja. Kazi ya mchoro hutangulia, na kila mchoro hupitishwa na taasisi ya uainishaji kama Lloyd's Register, DNV, ClassNK au Bureau Veritas. Mkaguzi wa taasisi hiyo hukaa karakanani mpaka mwisho. Bila cheti chake meli haipati bima, na isiyo na bima haipati mzigo.

Mabamba ya chuma hufika, hupigwa chembechembe za chuma kuondoa kutu, hupakwa rangi ya kwanza, kisha mashine za plazima zinazoongozwa na kompyuta huyakata. Wafua vyuma wetu wa Kamukunji wangeielewa kazi hiyo mara moja, ila bamba moja hapa linaweza kuwa refu kuliko duka zima, na baadhi yana unene wa milimita 80 na zaidi. Mabamba huchomelewa kuwa paneli, paneli huongezewa mbavu, ambazo mafundi wa majahazi wa Lamu wangeziita taruma, kisha paneli huunganishwa kuwa bloku.

Jahazi huanza na mkuku, na kila kitu hukua kutoka hapo. Meli ya kontena huundwa vipande vipande mahali tofauti kwa wakati mmoja, na bloku nyingi huundwa zikiwa zimepinduliwa, juu chini. Sababu yake ni ya kifundi na naipenda sana: mchomeleaji akifanya kazi akiinama, chuma kilichoyeyuka hutulia mahali pake kwa uzito wake, akichomelea dari, kitamdondokea na kiungo kitakuwa dhaifu. Kwa hiyo badala ya kumpandisha fundi juu, huigeuza meli. Mabomba, ngazi na nyaya huwekwa ndani ya bloku kabla haijainuliwa, na viungo hupimwa kwa mawimbi ya sauti na eksirei kutafuta nyufa zisizoonekana kwa macho.

Kisha bloku hubebwa hadi draidoki, shimo kubwa la zege kando ya bahari lenye lango la kuzuia maji. Juu yake husimama kreni ya miguu miwili inayopita kwenye reli. Moja ina historia yake: ilikuwa ya karakana ya Kockums huko Malmö, Uswidi, yenye uwezo wa kuinua tani 1,500. Kazi ilipokwisha pale iliuzwa kwa Hyundai ya Korea Kusini kwa dola moja, na mwaka 2002 ikahamishiwa Ulsan. Wakazi wa Malmö walisimama ufukweni kuiaga. Kazi ya kuunda meli huhama kutoka nchi hadi nchi, na ikihama huacha watu nyuma.

Bloku ya kwanza ikilazwa chini ya draidoki, siku hiyo huandikwa. Tarehe ya kulazwa mkuku ndiyo, kwa sehemu kubwa, huamua ni masharti gani ya kimataifa ya uundaji yataitawala meli. Bloku zikishaungana, draidoki hufunguliwa maji na meli huelea yenyewe taratibu.

Kabla ya kuondoka kuna jaribio moja ambalo kila mwagizaji angefurahi kuliona. Ndani ya ngama kuna nguzo za chuma zilizosimama wima, reli za kuongozea kontena, na nafasi kati ya reli na kontena ni ya sentimita chache tu. Karakana hushusha fremu yenye vipimo vya kontena katika nafasi hizo, mpaka chini, na kuipandisha tena. Ikikwama, fundi anashuka kurekebisha. Mahali kontena lako litakapoingia gizani kwa sekunde chache, mtu alishashuka pale na tochi.

Yanafuata majaribio ya baharini: mwendo wa kasi kamili, kugeuza usukani hadi mwisho, kuzima umeme wote ili kuona kama jenereta za dharura zitaamka, na kusimamisha meli ghafla kwa kurudisha rafadha nyuma. Kusimama ghafla kwa meli kubwa ni mwendo wa kilomita kadhaa.

Hatua ya 5: Jua meli inapoumia

Chukua boksi la viatu lisilo na kifuniko. Shika ncha zote mbili, ulipinde kama unayekamua nguo. Linajikunja bila shida. Sasa gundisha ukanda mzito wa kadibodi kuzunguka ukingo wa juu, ulipinde tena. Limekaza.

Hiyo ndiyo meli ya kontena. Inahitaji kuwa wazi juu ili makontena yashuke, na uwazi huo huidhoofisha. Kwa hiyo chuma kinene kuliko vyote huwekwa kwenye kingo za juu, pande zote mbili, na ubavu huwa na kuta mbili. Mifuniko ya ngama, ambayo makontena ya sitahani hukaa juu yake, huzuia maji tu na haiongezi nguvu ya mwili wa meli.

Kusokotwa hivyo si hatari pekee. Wimbi likiwa katikati ya meli, omo na tezi huning'inia. Likiwa kwenye ncha mbili, katikati huning'inia. Mwezi Juni 2013 MOL Comfort, meli ya TEU 8,110 iliyokuwa na umri wa miaka mitano, ilivunjika vipande viwili kwenye Bahari ya Hindi, ikitoka Singapore kwenda Jeddah, upande wa Yemen. Mabaharia 26 waliokolewa wote. Vipande vyote viwili vilizama baadaye pamoja na shehena. Uchunguzi ulielekezwa kwenye mabamba ya chini katikati ya meli, yaliyokuwa yamejikunja kwa mzigo na mawimbi. Meli dada zikaongezewa chuma, na taasisi za uainishaji zikakaza masharti kwa meli mpya.

Ukisoma vipimo vya meli, angalia basi mwaka wake wa kuundwa. Iliyoundwa chini ya masharti mapya ina msingi mwingine. Na nunua bima ya baharini. Sheria ya Kenya inataka ununue kwa kampuni ya bima ya hapa nyumbani, na hiyo inakufaa, maana ukiwa na dai utapanda matatu kwenda ofisini kwao. Baada ya Ever Given kukwamuliwa, wenye shehena wote walitakiwa kuchangia gharama za uokoaji, hata ambao mali yao ilikuwa salama. Asiye na bima alilazimika kuweka dhamana mwenyewe ndipo apewe kontena lake.

Hatua ya 6: Injini na mwendo

Injini ya Emma Mærsk ina silinda 14 na nguvu ya takriban megawati 80. Bwawa la Masinga huzalisha megawati 40. Mabwawa mawili ya Masinga, basi, kwenye chumba kimoja, yakizungusha rafadha moja kama mara 100 kwa dakika bila gia.

Jambo la kukumbuka ni kwamba nguvu inayohitajika hupanda kama mchemraba wa mwendo. Meli ikishuka kutoka noti 25, yaani maili 25 za baharini kwa saa, hadi noti 20, inahitaji karibu nusu tu ya nguvu. Safari huwa ndefu kwa robo, lakini mafuta ya safari nzima hupungua kwa zaidi ya thuluthi. Ndiyo maana mafuta yakipanda bei meli hupunguza mwendo, na wewe Nairobi unaambiwa mzigo umechelewa. Meli kubwa mpya nyingi zina injini ndogo kuliko ya Emma Mærsk kwa sababu hiyo hiyo. Tangu Januari 2020 mafuta yenyewe lazima yawe na salfa isiyozidi asilimia 0.5, isipokuwa kwa meli zenye mtambo wa kusafisha moshi, na gharama hiyo utaiona kwenye ankara yako kama nyongeza ya mafuta.

Hatua ya 7: Tafuta mahali kontena lako lilipokaa

Kila nafasi melini ina anwani ya tarakimu sita. Mbili za kwanza huhesabu kutoka omo kwenda tezi: witiri kwa futi 20, shufwa kwa futi 40. Mbili za kati ni safu: 00 ni katikati, shufwa ziko kushoto ukitazama omo, witiri ziko kulia. Mbili za mwisho ni ghorofa: ndani ya ngama huanza 02 kwenda juu, sitahani huanza 82.

Kwa hiyo 340682 ni kontena la futi 40, safu ya tatu kushoto, la kwanza juu ya sitaha. Ukiona 02 mwishoni, lako liko chini kabisa, halioni jua wala maji ya chumvi. Ukiona 90 na zaidi, liko juu kwenye upepo. Ajenti akiuliza vizuri anaweza kuipata anwani hii, na kama una mzigo unaoharibika kwa joto au unyevu, ni swali la kuuliza kabla ya meli kupakiwa.

Sitahani kontena hukaa juu ya jingine kwa vifungo vya chuma vya kona, twistiloki, halafu ghorofa za chini hukazwa kwa fito za chuma zilizopigwa mshazari. Vifungo hivyo huhesabiwa kwa uzito ulioandikwa kwenye karatasi. Meli ya MSC Napoli ilipopata ajali mwaka 2007 makontena yake yalipimwa, na mengi yakakutwa na uzito usiolingana na ulioandikwa. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kontena lisilo na uzito uliothibitishwa halipandi meli. Wasafirishaji wetu wa chai na parachichi wanalijua hilo. Ninachoomba kwa moyo wote: usimruhusu mtu akuandikie uzito wa kubahatisha ili kuokoa ada ya mizani. Kontena zito kupita karatasi likikaa juu ya jepesi, linaloporomoka haliporomoki peke yake, na melini kuna mabaharia wanaolala.

Hatua ya 8: Rudi kwenye BL yako

Sasa shika BL. Kama meli iliyoandikwa ina urefu wa karibu mita 400, au mzamo unaozidi wa Kilindini, jua kuna meli ya pili. Andika maswali matatu umtumie ajenti siku hiyo hiyo: mzigo unashushwa bandari gani njiani, meli ya pili inaitwaje na IMO yake ni ngapi, na inatarajiwa Mombasa lini. Fuatilia namba ya kontena, usifuatilie meli. Kontena ndilo lako.

Makontena ya yule mama yaliingia Mombasa kwa meli ya pili na kupanda treni ya mizigo hadi bohari ya Embakasi. Alikuja mwenyewe siku ya ukaguzi. Nikamwonyesha kibati kilichopigwa ribiti kwenye mlango wa kushoto, chenye uzito wa juu kabisa na mstari wa uzito unaoruhusiwa kuwekwa juu yake: kilo 192,000.

Akawasha tochi ya simu, akakisoma tena kwa sauti. "Na kila moja la juu lina tani ngapi?"

"Hesabu 24, mama."

Akanyamaza, midomo ikitembea. "Manane," akasema. "Yangu yalibeba mpaka manane."

Afisa wa forodha akafika na koleo, akalinganisha namba ya lakiri na ile ya kwenye karatasi, akaikata.